Vitunguu Vyangu Vimesimama Wima

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Leo asubuhi nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Vitunguu vya mwanyumba vimeanza kulala. Shingo zimepinda, majani yamelala chini, upande mzima wa shamba lake kama umekaliwa na mtu mnene. Vyangu vimesimama wima, kijani kibichi, vinanifika magotini. Nimesimama kwenye ukingo wa mfereji nikatazama kwake, nikatazama kwangu. Sikucheka. Nilijikohoza tu.

Niandike mambo yote vizuri, maana siku moja mtu atataka kujua nilishindaje. Mwanyumba ni mume wa dada wa mke wangu. Tumeoa nyumba moja, ndiyo maana tunaitana hivyo, na ndiyo maana hatuwezi kukwepana. Mama mkwe alitupa kila mmoja kipande cha shamba chini ya mfereji, sawa kwa sawa. Shamba la juu, lile lililo mlangoni mwa maji, amebaki nalo mwenyewe tangu baba mkwe afariki. Sasa miguu yake imechoka. Amesema tukishavuna atalitoa kwa nyumba moja kati ya hizi mbili, na atakayeamua ni vitunguu.

Huku mvua ni habari ya kusimuliwa. Tunaishi kwa maji ya mfereji, na mfereji unakwenda kwa zamu. Mwenye shamba la juu ndiye wa kwanza kunywa. Sisi wa chini tunapata kilichobaki.

Mke wangu alijifunza kutembea kwenye matuta ya shamba lile. Hajawahi kusema analitaka. Lakini tukipita pale hupunguza mwendo, kisha huongeza tena kama mtu aliyekumbuka ana haraka. Nataka alipate. Hilo ni la kweli kabisa, ingawa nataka pia mwanyumba alikose.

Nilipomweleza kwamba vitunguu vya shemeji yake vinakufa, akasema havifi, vimekomaa. Eti kitunguu kikikomaa hulala, na kikilala hunyimwa maji. Mke wangu ana huruma nyingi. Hawezi kumsema vibaya mume wa dada yake.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Nimenunua gunia la urea. Lilikuwa la mwisho dukani. Ndiyo maana nikalinunua: nikilichukua mimi, mwanyumba atakosa dawa ya kuinua vyake.

Mwenye duka la pembejeo ni mtu wa maswali. Aliniuliza nakwenda kuweka kwenye nini. Nikamwambia vitunguu. Akauliza vina umri gani, vimeshaanza kujaza chini au bado. Nikasema vimejaza kiasi. Akasema basi wakati wa urea umepita, hiyo ni mbolea ya kukuzia majani, vitunguu vya umri huo vikipewa vitarudi utotoni. Nikamwambia kwamba mimi ni mteja, si mtahiniwa. Akanisaidia kulipakia kwenye baiskeli.

Nikiri kitu kimoja kwa faida ya msomaji: mimi si mkulima wa kuzaliwa. Nilikuwa fundi redio. Redio zikaacha kuharibika, au watu wakaacha kuzileta, sina hakika. Nikaingia kwenye nyanya, na nyanya nilizimudu. Vitunguu huu ni msimu wangu wa kwanza. Lakini mmea ni mmea. Unaosimama ni mzima, unaolala ni mgonjwa. Hilo halihitaji cheti.

Gunia nimelificha chumbani, nyuma ya mtungi wa maji. Hapo hakuna atakayelitafuta.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Ajali ndogo. Mtungi hutoka jasho. Sikulijua hilo, maana mimi hunywa tu. Jasho limeshuka sakafuni, gunia limelinywa, na kitako chote cha urea kimegeuka uji. Uji umetembea chini ya kitanda mpaka kwenye viatu vya mke wangu vya kutokea. Vilikuwa vyeusi. Sasa vina ramani nyeupe.

Mke wangu ameniita "mume wangu". Huniita hivyo akiwa amekasirika. Akauliza, mume wangu, hiki ni chumba au ghala. Nikamwambia ni vyote viwili kwa muda. Harufu ilitupandia puani tukakohoa wote, kwa hiyo mazungumzo hayakuendelea.

Naandika hapa ili nisisahau kamwe: urea haikai penye unyevu.

Mchana nimeimwaga sehemu kubwa shambani, konzi kwa konzi, kila jaruba, kisha nikafungulia maji yakaipeleka chini. Iliyobaki, kama robo gunia, nimeitundika darini. Nilitaka kumwekea na mke wangu kwenye kile kijishamba chake kando ya njia, pale anapolima vitunguu vya jikoni. Akasema vyake viachwe kama vilivyo. Akasema pia maji yasipelekwe huko. Nilimhurumia. Vitunguu vyake vimeanza kulala kama vya mwanyumba. Ugonjwa unaambukiza.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Majani yangu yameongezeka urefu. Yanang'aa. Watu wanaopita njiani wanasimama kutazama. Mmoja alitikisa kichwa kwa muda mrefu sana. Nadhani alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile.

Mwanyumba alikuja jioni. Alikuja bila jembe, mikono nyuma, kama daktari. Ni mtu mpole, na upole wake unanichosha. Tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akachuchumaa, akashika shingo ya kitunguu changu kimoja kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama angekuwa yeye, angeacha kumwagilia leo hii. Shingo ni nene, akasema. Kiwango hiki cha maji kitavifanya vioze. Viache vione kiu kidogo, vilale vyenyewe.

Nilimshukuru. Nikamsindikiza mpaka njiani. Kisha nikarudi nikakaa kwenye tuta kufikiri, na nikamgundua. Kama nikiacha kumwagilia, maji yangu yatakwenda kwa nani? Yatashuka kwake. Nilitaka kumwonea huruma, lakini mtu anayenitegea mtego kwenye shamba langu mwenyewe, tena amechuchumaa, hastahili.

Kesho kutwa ni zamu yake ya maji. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 11 Agosti

Mpango ulikwenda vizuri mno, na sijui niseme nini kuhusu matokeo.

Saa za mchana, watu wote wakiwa wamejipumzisha vivulini, nilikwenda kwenye mfereji na jembe. Maji ya mwanyumba yalikuwa yanapita pale pale kwenye kona yangu, yakielekea kwake, masafi, mengi. Nikatoboa ukingo. Tundu la ukubwa wa sufuria tu. Maji yakageuka yakaingia kwangu bila kuuliza. Nikajilaza kwenye majani yangu marefu ili nisionekane. Zamu nzima ya mwanyumba imenywewa na vitunguu vyangu. Mwisho wa zamu Bwana Filimbi, msimamizi wa mfereji, akapuliza filimbi yake kama kawaida na kwenda zake. Hakuona kitu.

Jua likiwa linaelekea kuzama, mwanyumba akaja mbio. Mara ya kwanza kumwona anakimbia. Nikapiga moyo konde, nikasimama mbele ya tundu langu.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Mungu anibariki. Alikuwa amesahau kumwambia Bwana Filimbi amruke, na alipokumbuka yuko mbali, roho ikawa juu, maana vitunguu vyake vimeshakauka shingo na maji yangeviharibu vyote. Amefika amekuta shamba kavu. Akauliza ni nani aliyefikiria kuyageuza maji. Nikasema ni mimi. Akasema alijua.

Akaniachia zamu zake zote zilizobaki msimu huu.

Nilipokea shukrani kwa unyenyekevu. Usingizi wa leo utakuwa wa shida.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti

Nimetumia zamu yangu na ya mwanyumba. Majaruba yamejaa mpaka vyura wamehamia. Sijui wametoka wapi katika nchi kavu hivi. Nimechukulia ni dalili ya baraka.

Lakini leo nimeona kitu cha kunishtua. Kwenye pembe ya kusini, vitunguu vyangu kama thelathini hivi vimeanza kuinama. Ugonjwa wa mwanyumba umefika.

Nyanya zikiinama unafanyaje? Unazipa mti. Nimechukua ufagio wa mke wangu, nikaufungua kamba, nikachomeka chelewa moja moja kando ya kila kitunguu na kuvifunga kwa uzi wa redio ya zamani. Kazi ya ustadi. Mgongo umeniuma. Vimesimama tena, kila kimoja na fimbo yake, kama wazee kwenye mkutano.

Bwana Filimbi alipita kupuliza mwisho wa zamu. Akaziona chelewa. Akaweka filimbi mdomoni, akaiondoa, akaenda bila kupuliza. Nikapata maji ya ziada.

Nyumbani mke wangu aliuliza ufagio uko wapi. Nikasema uko kazini. Akaenda kuazima wa jirani.

Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Mke wangu amevuna kijishamba chake. Vitunguu si vikubwa. Vina rangi nzuri, nikubali, rangi ya shaba, na maganda yake yanalia kama karatasi ukivigusa. Mwanyumba naye amevuna. Amevianika chini ya paa la nyasi na kujipumzisha kama mtu asiye na deni la mtu.

Jioni mke wangu alikaa mlangoni kusuka. Ndivyo baba yake alivyowafundisha: kitunguu kikikauka, majani hayakatwi, yanasukwa kama nywele, mkufu mmoja mrefu, unaning'inizwa jikoni. Anatumia mkono wa kushoto. Anasuka haraka bila kutazama, anaangalia njia huku vidole vinakwenda vyenyewe. Nilikaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuwa na mpango wowote kichwani. Ilikuwa jioni nzuri.

Nikamuuliza kama anafikiri tutapata shamba la juu. Akasema hajui. Vidole vikasimama kidogo. Akasema baba yake alikuwa akifungua ule mlango wa maji alfajiri, anamwita aje asikilize maji yakianza kupita kwenye mchanga mkavu. Akasema angependa kuyasikia tena kutokea pale juu. Kisha akaendelea kusuka.

Mama mkwe ametuma ujumbe. Jumamosi kila nyumba ilete kapu moja la vitunguu vilivyokauka. Atavibana shingo kwa kidole gumba, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Shingo ikiwa kavu, kitunguu kitakaa mpaka mwakani. Ikiwa na maji, hakifiki hata mwisho wa mwezi.

Vyangu bado vimesimama. Nitavuna mwishoni kabisa. Bingwa haharakishwi.

Alhamisi, tarehe 20 Agosti

Nimevuna.

Ngoja niandike taratibu. Majani ni mazuri. Ningekuwa nafuga mbuzi, mbuzi hao wangeniimba. Lakini chini ya majani hakuna vitunguu vya kutosha. Kuna shingo. Shingo nene kama hindi, inayoshuka mpaka mizizini bila kuvimba popote pa maana. Vile vichache vilivyojaza ni laini. Nilibana kimoja kwa kidole gumba kama mama mkwe. Maji yakaniruka usoni.

Mnunuzi wa vitunguu alikuwa akipita na gari lake dogo. Nilimwita. Akabana kimoja, akajifuta kidole kwenye suruali, akauliza kwa heshima zote shamba la mwanyumba liko upande gani. Nikamwonyesha upande mwingine. Akalipata tu.

Siku mbili zimebaki. Nimeogopa. Sikumbuki mara ya mwisho kuogopa hivi, hata nilipofunga kibanda cha redio.

Mchana nimevianika juu ya bati. Jua kali, bati la moto. Vimetoa jasho, havikukauka. Nikapata wazo bora zaidi. Nimewasha pasi ya mkaa na kuzipiga pasi shingo, moja moja, juu ya meza, na kitambaa juu yake ili zisiungue. Ya kwanza ilitoa mvuke. Ya pili ikaiva. Nyumba nzima ikanuka mchuzi, majirani wawili wakapita kutusalimia saa ambayo huwa hawapiti. Mke wangu akarudi, akasimama mlangoni, akaitazama meza.

Hakuniita mume wangu. Hakuniita kitu. Alizima mkaa, akanikalisha, akaniambia tupeleke tulichonacho na tuseme ukweli. Nikasema sawa.

Ijumaa, tarehe 21 Agosti

Nimekosa usingizi nikiwaza juu ya ukweli. Ukweli ni upi? Ukweli ni kwamba nyumba hii ina vitunguu vizuri. Vinaning'inia jikoni. Mama mkwe alisema kila nyumba ilete kapu. Hakusema kila mume.

Mke wangu alipokwenda kuteka maji, nilishusha mikufu yake yote kwenye msumari. Nimeipanga kapuni vizuri, nikafunika kwa khanga. Vyangu vya mvuke nimevifukia nyuma ya nyumba. Sijaiba. Nimehamisha ndani ya familia.

Moyo umetulia. Hata chakula kimepita.

Jumamosi, tarehe 22 Agosti

Naandika haya huku nimeketi peke yangu barazani. Mke wangu yuko shambani. Nitaeleza shamba gani.

Tulikwenda asubuhi, mimi nimebeba kapu, yeye pembeni yangu. Njia nzima alitembea akitazama mbele tu. Nilidhani ana wasiwasi wa kawaida. Niliona hata mkono wake ukigusa khanga iliyofunika kapu, ukaondoka. Sasa najua kwamba aliuona msumari mtupu tangu alfajiri.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda uani. Mwanyumba na mkewe walishafika. Tukamwamkia, akatukaribisha, akauliza habari za kila mmoja mpaka za vyura wangu, ambao sijui nani alimwambia. Kisha akaanza na kapu la mwanyumba. Akatoa mkufu, akabana shingo ya kitunguu cha kwanza, cha kati, cha mwisho. Akasema vizuri. Mwanyumba akashukuru.

Akafunua langu. Akatoa mkufu mmoja, akaubana. Shingo kavu kabisa. Nikapumua. Akatoa wa pili. Kavu. Lakini hakusema vizuri. Aliugeuza mkufu kiganjani, akaupitisha vidoleni kama anayepapasa nywele za mtoto, akaugeuza tena. Akaniuliza nilimwagilia mara ngapi baada ya majani kulala. Nikasema mara nyingi tu, mama, sikuvionea uchoyo. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza ni nani aliyesuka.

Nikasema ni mimi.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ningeweza kusema mke wangu na mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kushinda, na nikashindwa kuacha.

Mama mkwe akasema ni kazi nzuri, basi nimsukie na yeye kidogo, aone. Akanipa vitunguu vitatu vya mwanyumba ambavyo havijasukwa. Nikavichukua. Nilisuka. Nilisuka kwa muda mrefu, watu wote wakitazama. Kilichotoka ni fundo la kufungia mbuzi. Mwanyumba akatazama angani kana kwamba kuna ndege, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba aliona haya kwa niaba yangu.

Mama mkwe alisema taratibu, bila ukali, kwamba binti zake wawili walifundishwa na baba mmoja, lakini mdogo ni wa mkono wa kushoto. Marehemu alijaribu kumbadilisha akashindwa. Msuko wake hupinda kulia tangu akiwa mtoto. Hakuna mwingine katika mfereji huu mzima anayesuka hivyo. Baba yake alikuwa akiujua hata gizani, kwa kidole.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha mama mkwe akatoa uamuzi. Akasema vitunguu vya nyumba zote mbili ni vizuri, na mwanyumba hana kosa lolote. Lakini shamba la juu hampi mkwe yeyote. Anampa binti yake mdogo, kwa jina lake, si kwa jina la nyumba. Akasema ameambiwa kwamba mtu alipewa kijishamba kando ya njia, akapewa pia mume mwenye mbolea ya kumwaga, na akavikatalia vyote viwili, mbolea na maji, wakati ulipofika wa kukatalia. Mtu akikaa mlangoni mwa maji, wote walio chini yake wanakunywa alichowaachia. Pale anamtaka mtu anayejua maji yametosha.

Alisema haya bila kunitazama. Hakuhitaji.

Mwanyumba akasema ni sawa kabisa, akampa mke wangu mkono. Dada yake akamkumbatia. Mama mkwe akaingia ndani akatoka na jembe la marehemu, mpini umelainika kwa miaka mingi, akamkabidhi. Mke wangu alilishika kwa mkono wa kushoto. Akageuka akaondoka kuelekea juu, haraka, na safari hii hakupunguza mwendo mpaka alipofika. Nilimfuata kwa mbali na kapu. Aliinua ubao wa mlango wa maji kidogo tu, akachuchumaa, akainamisha kichwa kusikiliza. Alikaa vile kwa muda. Kisha akaushusha ubao. Nilisimama na kapu langu nikaona kwamba nampenda sana, na kwamba sina mahali pa kuliweka kapu.

Njiani aliniomba mambo mawili. Nisiguse mlango wa maji. Na urea isirudi tena katika maisha yake. Nikamwapia. Niliapa kwa dhati, mikono yote miwili juu, kapu chini. Akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu viatu.

Kisha akarudi shambani. Mimi nimebaki hapa barazani kufikiri juu ya mwenendo wangu.

Jumapili, tarehe 23 Agosti

Nimefikiri. Mambo si mabaya hata kidogo.

Tuyapime kwa utulivu. Nyumba iliyopata shamba la juu ni ipi? Ni hii. Mwanyumba amepata nini? Amepata kupeana mkono. Kapu alilibeba nani? Ukitazama vizuri, utaona kwamba mpango wangu ulifika pale pale nilipotaka ufike, ila ulipitia njia ya pembeni. Kama kuna somo nimelipata, ni kwamba kabla ya msimu ujao nijifunze kusuka, tena kwa mkono wa kushoto.

Mke wangu amekwisha kutayarisha kitalu. Anasema atapanda miche kwa nafasi, ataweka samadi mapema, atamwagilia kidogo kidogo. Ni mipango ya mtu asiye na haraka. Sitamwingilia, niliapa. Lakini mume anaweza kumshangaza mkewe kwa wema, na hilo haliko kwenye kiapo. Ile robo gunia ya urea bado ipo darini. Miche michanga ndiyo hasa inayoitaka. Mwenye duka mwenyewe alisema ni mbolea ya kukuzia. Siku ikifika nitaiweka kisirisiri, vitunguu vitasimama kama askari, naye hatajua vimepatwa na nini.

Tatizo ni pa kuiweka hadi wakati huo. Dari si salama, mke wangu ana pua. Nyumbani pote si salama. Nimezunguka leo asubuhi akiwa kwa mama yake, na nimepata mahali pazuri ajabu. Kule shamba la juu, chini ya ubao wa mlango wa maji, kuna shimo kwenye ukingo. Sikuugusa mlango. Nimegusa shimo. Pana kivuli, pana ubaridi, ukungu mwororo kila upande, hata wakati wa jua kali pale ndani pamelowa vizuri. Gunia limeingia kama limepimwa. Kitako chake kinagusa maji kidogo tu. Pale halitaharibika.

Nimesikia filimbi sasa hivi. Bwana Filimbi amefungulia zamu ya mwanyumba, ya kwanza ya msimu mpya, maana juzi amehamishia shambani miche yake mipya. Maji yote yatampitia pale pale, chini ya ubao wetu, kabla ya kushuka kwake. Mwache anywe. Leo nina moyo wa ukarimu.